Fuvu Jekundu Sebuleni

Onesmo aliuondoa mkono wa Boaz juu ya santuri, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Hiyo usiifungue."

"Sifungui. Naangalia tu."

Ilikuwa bado ndani ya plastiki yake. Kwenye jalada, fuvu jekundu lenye pembe. Boaz alilijua fuvu hilo tangu ujana wao hapa Masumbwe, enzi za kanda moja iliyokuwa ikikwama kila mara. Yeye ndiye aliyemfundisha Onesmo kuupenda muziki wa metali wa magitaa yanayonguruma, watu wengine wote wakiuita kelele za vichaa. Sasa albamu zilezile zinatolewa upya kwenye santuri, na Onesmo, aliyepata mwamba mzuri wa dhahabu kule Rwamgasa, anaziagiza kila zikitoka. Ukuta wake wa sebuleni umejaa majalada. Boaz hana hata moja.

"Mtu unanunua santuri, husikilizi?"

"Hii ina siku yake." Onesmo akacheka. "Eti, ukuta wenu mmeshapiga plasta?"

Mtaa mzima ulijua nyumba yake ni ya tope.

"Tumepiga. Upande mmoja."

"Inatosha. Nisalimie Mama Suzana. Kesho atakuwepo nyumbani?"

"Aende wapi?"

Njia nzima ya kurudi kwake Boaz alikuwa akisema peke yake. Plasta! Yaani ananisimanga kwa plasta. Na mke wangu anamuulizia kwa nini? Usiku alijilaza bila kula. Kila akifumba macho, analiona lile fuvu.

Kesho yake aliwakuta wachimbaji wenzake wamekaa juu ya viroba vya mawe, wamenuna. Duara lao, shimo la dhahabu, lilikuwa halitoi kitu tangu masika, na juzi matimba yanayoshikilia kuta zake yalikatika, wakaponea chupuchupu. Kila mtu alikuwa akitafuta wa kumlaumu.

"Mnahangaika bure," Boaz akasema. "Kuna mtu hapa mjini kaleta fuvu la kichawi. Jekundu, lina pembe. Kaliweka sebuleni kwake, ukutani."

Ndaki, kiongozi wao, akasimama. "Nani?"

"Jina sitaji, nina familia mimi. Piteni nyumba kwa nyumba, mtaliona wenyewe."

"Na mwenyewe akikataa?"

"Atakubali nani? Atasema ni mambo ya muziki tu. Msimsikilize."

"Wee Boaz, una uhakika?"

"Nimeliona kwa macho yangu haya."

Ndaki akalibeba dumu la petroli ya pampu. "Twendeni. Nyumba hiyo leo inalala majivu."

Hapo moyo wa Boaz ulishtuka kidogo. Alitaka Onesmo aaibike, ahame, na hizo santuri zake ziungue. Nyumba hakuiwaza. Lakini hakuwazuia. Walipoanza kubishana waanzie mtaa gani, akapanda bodaboda akawahi kwake, ili baadaye majirani waseme Boaz alikuwa nyumbani ametulia.

Alimkuta mkewe amesimama juu ya stuli, nyundo mkononi, anacheka mwenyewe.

"Baba Suzana! Umewahi, nilitaka uikute tayari. Shemeji Onesmo katoka hapa sasa hivi. Anasema hii aliiagiza kwa ajili yako, maana wewe ndiye uliyemfungua masikio. Kasema niiweke hapahapa kwenye plasta, mtu akiingia tu aione."

Akajisogeza pembeni. Fuvu jekundu likamtazama Boaz, plastiki ikimeta.

"Ishushe," Boaz akanong'ona. "Mama Suzana, ishushe!"

"Ala! Zawadi ya mtu?"

Nje, pikipiki zikazimwa, moja baada ya nyingine.

"Hodi hapa!" Ilikuwa sauti ya Ndaki.

"Karibuni, karibuni ndani," akaitikia Mama Suzana, akaufungua mlango mpaka mwisho.