Bolti ya Saba

Bolti ya saba ilitoka safi, na usafi huo ndio uliomtia fundi hofu. Meno yake yalikuwa yanang'aa. Hakukuwa na hata chembe ya dawa.

Bolti hiyo ya injini huingia kwenye njia ya maji. Usipoipaka dawa ya kuziba, maji hupanda taratibu kwenye meno yake mpaka yakutane na oili, na hapo injini imekwisha. Gari la mkwewe, ambalo injini yake aliifunga yeye mwenyewe kabla ya safari, lilikuwa limerudi likivutwa kwa kamba, oili imekuwa kama chai ya maziwa, mizigo ya nyumba nzima ikiwa juu yake. Jumatatu mkwe alitakiwa kuripoti kituo kipya cha kazi, siku mbili za safari kutoka hapo.

"Inatokea, Baba," mkwe alisema, kisha akaenda kutafuta oili nyingine. Upole ule ulimuuma mzee kuliko tusi.

Alibaki na binti yake, aliyesimama na mtoto mgongoni. Binti huyu alizijua bolti kabla ya kujua herufi. Siku ya safari alidamka kabla ya wote, eti anafuta gari vumbi, na wakati wa kuagana akauliza kwa mara ya kumi, "Nani atakuangalia, Baba?"

"Kwani mimi mtoto?" alimjibu akicheka.

Sasa hakuwa na cha kucheka. Alijaribu kukumbuka mkono wake ukiipaka dawa bolti ile. Ya sita aliikumbuka. Ya nane aliikumbuka. Ya saba ilimkimbia. Wiki iliyopita alisahau birika jikoni mpaka likaungua. Waliosema utu uzima dawa hawakuiona bolti hii.

"Mwanangu, mimi basi," alisema, akamwekea spana mkononi. "Kesho nauza vifaa vyote. Kama gari lako wewe nimelisahau, la mtu baki itakuwaje? Lipelekeni kwa mwenye akili zake, mwende zenu salama."

Hakuwa na hasira. Alikuwa amekubali, na hilo ndilo lililomshinda binti. Alitazama barabarani kama mumewe anarudi. Hakuonekana.

"Usiuze kitu, Baba," alisema kwa sauti ndogo. "Uliipaka vizuri mno. Alfajiri ile niliifungua, nikaisugua saa nzima, kwa petroli na brashi ya waya, ndipo dawa ikatoka."