Komeo la Kobe

Sikilizeni, na mwenye usingizi akalale.

Bata alilima mchicha wa kulisha wanawe, lakini kila siku Mbuzi alifungua lango kwa pembe, akaula. Bata akamwita Fundi Kobe atie komeo jipya. Kobe akalitia chini kabisa.

"Fundi, unawafungia sisimizi?" Bata akauliza.

"Ndipo ninapofika, Mama Bata."

"Basi kesho ulihamishe."

Jioni Mbuzi akaja, akatafuta juu kwa pembe, asilione komeo. Kwake yeye kuinama ni aibu, hivyo hakutazama chini. "Huyu Bata kalipigilia lango misumari," akasema, akaenda zake.

Asubuhi Kobe alifika na bisibisi. Bata akampokea langoni na fungu la mchicha. "Liache palepale, fundi. Limekaa vibaya, lakini wanangu watakula. Ahsante sana."

Kazi iliyokulindia chakula cha watoto ishukuru, hata fundi wake awe mfupi.