Pimbi Aliyengoja Moyo Utulie

Pimbi mmoja aliapa kwamba hatatoka pangoni mpaka moyo wake uache kudunda kwa woga. Kila akifika mlangoni alimkumbuka tai, moyo ukaenda mbio, naye akarudi ndani. Alijaribu kuubembeleza, akajaribu kuukaripia, wala haukusikia. Siku ya nne mbavu zake zilikuwa zinahesabika.

Shangazi yake alitoka kila asubuhi na kurudi ameshiba, vipande vya majani vimemganda mdomoni.

"Shangazi, woga wako uliufukuzaje?" Pimbi akamuuliza.

"Lete sikio hapa kifuani."

Pimbi akasikiliza. Moyo wa shangazi ulikuwa ukienda mbio kuliko wake.

"Kumbe hata wewe?"

"Tangu utotoni, mwanangu. Nikienda malishoni nakwenda nao, nikirudi narudi nao. Moyo unaruka upendavyo, lakini miguu ni yangu."

Pimbi akatoka akitetemeka. Alipokuwa anatafuna jani la pili, kivuli kikampitia mgongoni. Akainua kichwa, akaona ni wingu. Moyo haukusadiki, ukazidi kudunda. Yeye akainama, akang'ata jani la tatu.