Namna ya Kukataliwa

Munyaneza alijipaka samadi shingoni, akaongeza kidogo nyuma ya masikio, kisha akanusa mikono yake na kuridhika. Miaka miwili ya chuo kikuu kule Kongo, akikariri udongo, mbegu na magonjwa ya majani, ilikuwa imemfikisha hapa: kuchagua samadi inayonuka kuliko zote. Alikuwa amechagua ile mbichi, ya asubuhi hiyo hiyo.

Mkosi ulianza Alhamisi. Alikuwa nyuma ya ua akipima urefu wa maharage yake ya majaribio, akamsikia Saidati, jirani yao muuza vitambaa, akimpa mama yake habari alizoachiwa sokoni na dereva mmoja. Alichosikia kwanza ni kwamba bibi arusi wake angefika Jumamosi. Rula ikamponyoka mkononi.

"Anatoka Bukavu na voiture," Saidati alikuwa akisema. "Kifaransa anajua sana, Kiswahili kidogo tu. Anataka amuone kijana kwanza, na shamba yake aone."

"Na akimukataa?" mama yake akauliza.

"Hawezi kumukataa, kijana muzuri hivi! Lakini tusimuambie. Ataogopa, atakimbilia Goma. Mi nitaleta kuku."

Munyaneza alikaa chini katikati ya maharage. Profesa Wouters, Mzungu aliyewafundisha mazao, alikuwa amelionya darasa zima kabla ya likizo ile ya mwaka 1957: mwaka wa tatu ni wa wachache, naye atawachagua mwenyewe, na mwenye mke asijisumbue kurudi kwa sababu bweni si la watu wenye familia. Munyaneza aliutaka mwaka huo wa tatu kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Gisenyi nzima ilikuwa imemcheka kwamba amesafiri wiki nzima kwenda kujifunza jembe ambalo bibi yake alilijua bure, na alikuwa ameapa kurudi na shahada awafumbe midomo.

Kumuuliza mama yake hakuweza. Kijana mwenye adabu haulizi habari za mke anayetafutiwa. Anainamisha macho na kungoja. Tangu baba yake afariki, mjomba wake wa Kanama alikuwa akisema kila Jumapili kwamba nyumba ile inahitaji mikono ya mwanamke kijana. Bila shaka wamekwisha elewana. Ajabu kidogo ni huyo binti kuja mwenyewe kukagua bwana, tena na shamba lake, lakini Munyaneza alilipatia jibu upesi. Wasichana wa Bukavu wamelelewa na masista, wanajua Kifaransa, dunia imegeuka. Alijisifu moyoni kwa kuelewa mambo ya kisasa.

Yeye akimkataa binti, mama yake atatembea kichwa chini sokoni mwaka mzima. Lakini binti akimkataa yeye, nani atamlaumu mtu? Basi ilibidi akataliwe, na akataliwe vizuri, kwa utaratibu kama alivyofundishwa kupanda kwa mistari.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo alivaa gunia la viazi lililotobolewa matundu matatu, akatupa viatu, akajificha migombani kando ya shamba. Mama yake alimwita aje aoge, akaita tena kwa sauti ya kukasirika, mwisho akakata tamaa. Jua lilipopanda, voiture, yaani gari, ikasikika ikipanda kutoka barabara ya ziwani, ikasimama mbele ya ua.

Munyaneza alikuwa na hofu moja tu: uzuri. Alijijua. Akimwona binti na moyo ukaruka, kwisha habari yake na ya shahada. Kwa hiyo alitoka migombani kinyumenyume, akachuchumaa kando ya maharage, uso kwenye migomba, mgongo kwenye njia. Nyayo zikakaribia. Akamsikia mama yake akisema "Karibu, karibu," kisha akisita.

"Usisogee, mademoiselle!" Munyaneza akapaza sauti kwa Kifaransa chake bora kabisa. "Rudi ulikotoka! Mimi ni bure! Siwezi kutofautisha maharage na magugu! Mitihani yote nimenakili kwa jirani yangu wa dawati, na hata yeye nilinakili vibaya! Shamba hili kalilima mama yangu, mimi kazi yangu ni kulala!"

Alisikia raha ya kazi iliyofanywa vizuri. Akaona aongeze kitu.

"Na ninanuka, mademoiselle! Siku zote!"

Mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kizito, kikavu, cha mwanamume aliyevuta vumbi la chaki maisha yake yote, na Munyaneza alikuwa amekisikia kila asubuhi kwa miaka miwili. Akageuka taratibu.

Profesa Wouters alisimama kwenye njia, kofia mkononi. Alitazama mistari ya maharage iliyonyooka, akatazama gunia.

"Bon," alisema. Akavaa kofia yake, akarudi kwenye voiture.

Nyuma yake mama mtu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Saidati alikuwa amekumbatia kuku, mdomo wazi.

"Mama Saidati!" Munyaneza akalia, machozi yakichora njia kwenye samadi. "Bibi arusi iko wapi? Mi nilikusikia na masikio yangu! Ulimuambia mama umugeni anakuja, na umugeni na Kinyarwanda ni bibi arusi!"

"Yewe, mutoto!" Saidati akasema. "Mi nilisema mugeni, mutu wa kutembelea. Nilisema na Kiswahili."