Vifurushi Sitini na Vitatu

"Hiki nacho, wenyewe ni akina nani?" aliuliza Mzee Chenge, akiinamia kioo cha kompyuta.

Pius, fundi wake wa kompyuta, alitazama saa. Kilikuwa kifurushi cha programu cha ishirini na moja kati ya sitini na vitatu vya kusasishwa, na saa saba ilikwisha pita. Akaeleza kwamba hicho ni cha maandishi tu, hakina madhara. Mzee akatafakari kama mtu aliyeletewa posa. Mwishowe akaridhia, Pius akabonyeza Y ya kukubali, mashine ikaendelea.

Steshenari ya mzee ilikuwa mtaa wa Pasiansi, pua na mdomo na uwanja wa ndege. Begi lake lilikuwa mlangoni, suti imetundikwa msumarini. Ndege ya saa nane ndiyo ya mwisho ya kumuwahisha Dar kwenye sherehe ya mama mkwe, anayetimiza miaka themanini, ambako wakwe wote wa kiume wangelazimika kucheza ngoma mbele ya bibi huyo. Lakini asubuhi hiyohiyo mzee alimwita Pius ghafla: kompyuta ya dukani isasishwe kabla hajasafiri, kifurushi kimoja kimoja, naye akiwepo.

Mkewe, Mama Suzana, alikwisha piga simu mara tatu kutoka Dar. Mara ya tatu alimtaka Pius mwenyewe, akamwambia kwa upole wa kutisha kwamba mzee akiikosa ndege, yeye fundi atafute wateja wengine. Pius aliogopa kwelikweli. Ugali wake mwingi ulitoka kwenye ukoo wa mama huyo.

"Mzee, naomba niweke -y mwishoni mwa amri," alisihi. "Mashine itakubali yote yenyewe, bila kutuuliza. Dakika kumi tu tumemaliza."

Mzee alimtazama kwa masikitiko. "Unajibu ndiyo kabla hujasikia swali? Hayo ni malezi gani, Pius?"

Wakaendelea. Cha thelathini mzee alikikataa, kisha akamwonea huruma aliyekitengeneza, akakikubali. Cha thelathini na nne alitaka asomewe maelezo yake yote, tena kwa Kiswahili. Nje, dereva wa bajaji alipiga honi, akasubiri, akapiga tena, halafu akaenda kutafuta abiria wengine. Pius alikuwa karibu kulia.

Saa nane na dakika tano mabati yalitetemeka. Mzee akainua kidole, akausikiliza muungurumo wa ndege mpaka ukapotelea upande wa ziwani.

Kisha akavuta kibodi, akaandika bila hata kutazama vidole: sudo apt upgrade -y.