Ndimu ya Bi Somoe

Kiharusi kilipoulaza mkono wa kulia wa Bi Somoe, daktari alieleza kwamba chembe za ubongo zina vilango vidogo. Damu ikikosekana, asidi inayojikusanya humo huvifungua, vikakosa wa kuvifunga, na chembe hufa. Basi binti yake, Chausiku, akatupa ndimu, ukwaju na achari. Mchuzi ukawa kama maji ya kuoshea sufuria.

Leo Bi Somoe alifungua fundo la kanga, akatoa kipande cha ndimu alichopewa na jirani.

“Mama, asidi hiyo. Vilango vitafunguka tena.”

“Ndimu huenda tumboni, mwanangu. Haijui ngazi ya kichwani.”

Akakipachika kwenye kiganja kilicholala, juu ya bakuli la mchuzi.

“Mkono huo haukamui kitu.”

“Basi unaogopa nini?”

Chausiku akanyoosha mkono amnyang'anye, kisha akausahau hewani. Ukingoni mwa ndimu, tone lilikuwa likivimba.