Time Anatoka

Madamu aliingia mkahawani, akaniambia nimsubiri kivulini na mikoba yake, nisisogee.

Nikasogea. Ng'ambo ya njia ipo nyumba ya zamani ya tajiri wa watumwa, siku hizi ni makumbusho. Mwaka mzima hapa Doha nimeipita nikiitazama tu.

"Ingia, mathe, ni bure," askari wa mlangoni akaniambia, Mkenya mwenzangu. "Lakini mikoba yote hiyo, unahama?"

Nikavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, bismillahi. Uani hapakuwa na mtu. Nikaweka mikoba chini, nikainua viganja vyangu vilivyobabuliwa na sabuni, nikaanza Fatiha.

"Unamsomea nani?" askari akanong'ona kutoka mlangoni.

"Bibi yake mama yangu. Aliibwa kisimani kwetu Kwale, akaletwa huku Ghuba, akaacha mtoto wa kunyonya. Kaburi lake hatulijui. Mama aliniusia nimtafutie pa kumsomea."

Nikarudia kutoka mwanzo. Sijafika mwisho, madamu huyo mlangoni, uso umeiva kwa hasira.

"Time! Yalla, toka!"

Sauti ikagonga kuta zote nne za ule ua. Time ndilo jina la bibi yule aliyeibwa. Mimi nimerithishwa tu.

"Subiri kidogo, madamu," nikasema. Tangu nifike Doha sijawahi kumwambia hivyo.

Nikamaliza taratibu mpaka amin, nikajipangusa uso. Nikaokota mikoba, nikaelekea mlango mkubwa.

"Time anatoka," nikamwambia askari.

Madamu akanipisha.